Zumari ya Mfuko Kwenye Muziki wa Kompyuta: Nani Amfuate Nani?

Mpiga kinanda akialikwa kupiga pamoja na zumari ya mfuko ya Kiskoti, hukutana na tatizo kabla hata wimbo haujaanza. Mpiga zumari humwambia kuwa noti yake kuu ni A. Yeye hubonyeza A ya kinanda, yenye hezi 440, na zumari humjibu kwa sauti inayokaribia hezi 480. Hujaribu B flati, hezi 466: bado iko chini. Hujaribu B yenyewe, hezi 494: amepitiliza. Zumari imekaa katikati ya vitufe viwili, na hapo katikati kinanda hakina kitu. Basi lazima mmoja amfuate mwenzake. Ama sauti ya kinanda chote ipandishwe kwa mitambo, ama mpiga zumari aagize bomba jingine lililochongwa kwa B flati ya kawaida, ama wakubaliane kwamba hapo walipo panatosha, na msikilizaji akereke bila kujua kinachomkera.

Naanza na suala hili la kifundi kwa sababu, kwa maoni yangu, ndilo linalopambanua kazi za miaka thelathini na ushei iliyopita zilizochanganya zumari ya mfuko na muziki wa kompyuta au muziki wa mataifa mengine. Mjadala wa kawaida huuliza kama mchanganyiko unaharibu asili. Swali hilo limechosha, na kila anayelijibu hujibu alichokwisha kuamini. Mimi nauliza jingine: kwenye mchanganyiko huo, nani aliyejirekebisha ili mwenzake astarehe?

Kwanza ala yenyewe. Mpigaji hujaza hewa mfukoni kwa mdomo, au kwa mivukuto inayobanwa kwapani katika aina nyingine, kisha huuminya mfuko kwa mkono ili hewa itoke bila kukatika. Hewa hiyo hupita kwenye bomba lenye matundu ya vidole, na pia kwenye mabomba ya mvumo, ambayo kila moja hutoa noti moja tu tangu wimbo unapoanza hadi unapokwisha. Zumari ya Kiskoti ina mabomba matatu ya mvumo na noti tisa za kuchezea, basi. Wapigaji wetu wa nzumari, wale wa ngoma ya sengenya ya Wadigo kwa mfano, hufanya kazi iyo hiyo kwa mashavu: huvuta pumzi puani huku mashavu yakiendelea kusukuma hewa kwenye ulimi wa ala. Huko Scotland mfuko umechukua nafasi ya mashavu.

Kwa hiyo zumari ya Kiskoti ni ala isiyojua kunyamaza, wala haijui kupaza na kushusha. Mpigaji akitaka kurudia noti ile ile hawezi kukata hewa, kwa hiyo hukata kwa vidole. Mtazame mpigaji hodari akicheza A ya chini mara tatu mfululizo. Kati ya A ya kwanza na ya pili, kidole cha shahada cha mkono wa juu hunyanyuka na kurudi upesi kiasi kwamba jicho halikiwahi, na noti ya juu huchomoza na kupotea kabla sikio halijaihesabu kuwa ni noti. Kati ya A ya pili na ya tatu, kidole cha shahada cha mkono wa chini hufanya vivyo hivyo. Msikilizaji hasikii mapambo. Anasikia A tatu zenye makali mbele yake. Kumbe hapo mpiga zumari anapiga ngoma. Ndiyo maana mtu akipunguza mapambo hayo ili "kurahisisha" wimbo kwa ajili ya studio, wimbo hulegea hata kama noti zote kuu zimebaki mahali pake.

Sasa muweke huyu kando ya mashine ya midundo. Muziki wa klabu nao haupandi wala haushuki sauti noti kwa noti. Hujenga kwa kuongeza tabaka na kuondoa tabaka. Hupenda noti moja nzito ya chini inayodumu. Hurudia vipande vifupi mpaka mwili uvizoee. Rili, wimbo wa dansi wa Kiskoti, huchezwa kwa mapigo kama 110 hadi 120 kwa dakika, na muziki wa haus huishi jirani kabisa na hapo. Nyimbo nyingi za zumari huyumba kati ya vituo viwili tu, A na G, kwenda na kurudi, jambo ambalo mpiga piano wa jazi huliona ni umaskini, lakini prodyuza wa muziki wa dansi huliona ni riziki. Kwa hiyo wanaosema zumari ya mfuko imelazimishwa kuingia klabu hawajaisikiliza vizuri. Ni ala chache za kale zilizofika kwenye mashine zikiwa zimeiva hivyo.

Na hiyo asili inayolindwa ni ipi hasa? Zumari nyingi bora za Kiskoti zinazochongwa leo ni za mpingo, na mpingo huo hutoka Tanzania na Msumbiji. Kabla ya biashara ya karne ya 19 kuufikisha Uingereza, mafundi wa huko walitumia miti ya kwao, kisha miti ya Karibi. Pete nyeupe za viungo vya mabomba zilikuwa pembe za ndovu mpaka biashara ya kimataifa ya pembe ilipopigwa marufuku. Siku hizi ni plastiki. Wilayani Kilwa, misitu inayosimamiwa na vijiji ilipata cheti cha kimataifa cha FSC mwaka 2009, na mti uliobeba matumaini ya mpango mzima ulikuwa mpingo, kwa sababu wanunuzi wake ni watengenezaji wa klarineti, oboe na zumari za mfuko. Idadi kubwa ya zumari za bei nafuu zinazouzwa duniani hutengenezwa Sialkot, Pakistan, mji ambao jeshi la Waingereza liliuachia mapenzi ya ala hii. Jeshi hilo hilo liliitembeza hadi pwani yetu: katika mashindano ya beni mjini Mombasa lilikuwapo kundi lililojiita Scotchi, likishindana na Kingi. Ala yenye historia ya namna hii haikungoja kompyuta ili ichanganyike na dunia.

Aliyefungua njia kwa ujasiri kuliko wote, nadhani, hakuwa Mskoti. Rufus Harley, Mmarekani mweusi wa Philadelphia aliyekuwa akipiga saksafoni, aliwaona wapiga zumari wa kikosi cha Kiskoti cha Black Watch kwenye mazishi ya Rais Kennedy mwezi Novemba 1963, akaitafuta ala hiyo mpaka akaipata. Mwaka 1965 alitoa albamu Bagpipe Blues. Baadaye alirekodi na Sonny Rollins, akasikika kwenye albamu Big Science ya Laurie Anderson, na katika miaka ya 1990 akashirikiana na The Roots, kundi la hip hop la mji wake. Harley hakuibembeleza zumari ifuate jazi. Aliuacha mvumo uendelee huku bendi ikizunguka juu yake, na pale sauti zilipogongana aliziacha zigongane. Huko Brittany, Ufaransa, Alan Stivell alipopanda jukwaa la Olympia mjini Paris mwaka 1972 akiwa na gitaa za umeme, kinubi na zumari ya mfuko, alifanya jambo jingine: aliwapa vijana wa Kibretoni ruhusa ya kuupenda muziki wa babu zao bila kuona haya. Kimuziki Harley alithubutu zaidi. Kwa umma Stivell alizaa matunda zaidi.

Ndani ya Scotland kwenyewe ukuta ulikuwa mashindano. Kila Agosti bendi za zumari hukusanyika Glasgow Green kugombea ubingwa wa dunia, na mpigaji hukua akijua kwamba jaji anahesabu makosa. Mfumo huo umezaa ufundi wa kutisha, na pia woga. Gordon Duncan wa Perthshire, aliyefanya kazi ya kuzoa taka, ndiye aliyeuvunja woga huo kutoka ndani, kwa sababu hakuna jaji aliyeweza kusema hajui kupiga. Albamu yake The Circular Breath ya 1997 iliiweka zumari pamoja na dijeridu na tabla, naye ndiye aliyewafundisha wapigaji wa rika zote kwamba wimbo wa bendi ya roki AC/DC unaweza kuingia kwenye noti tisa. Vikundi vingi vilivyokuja baadaye vikipiga nyimbo maarufu za roki kwa zumari na ngoma vimekula kwenye sahani yake. Wengi wao wameondoka na mzaha wake wakaacha vidole vyake.

Upande wa Asturias, kaskazini mwa Hispania, José Ángel Hevia alilishughulikia tatizo la kinanda kwa njia nyingine kabisa: aliigeuza zumari yenyewe kuwa mashine. Akishirikiana na mafundi wawili alitengeneza gaita, yaani zumari ya mfuko ya huko, ya MIDI, ambayo vidole hugusa vihisio badala ya matundu, na sauti hutoka kwenye kompyuta kwa noti yoyote anayoitaka. Tierra de Nadie, albamu yake ya 1998 yenye Busindre Reel, iliuza nakala zaidi ya milioni moja, kiwango adimu kwa mpiga zumari. Leo nikiisikiliza naona vumbi la miaka ile kwenye sauti zake za sintesaiza, ilhali gaita ya kawaida iliyorekodiwa miaka hiyo hiyo haijazeeka hata kidogo. Hata hivyo Hevia alikuwa mkweli. Hakujifanya kwamba ala mbili zimekutana nusu kwa nusu. Aliamua kwamba ala ya asili ndiyo itakayohama, akaihamisha kwa mikono yake mwenyewe.

Kazi iliyogeuza mizani ni ya Martyn Bennett, na juu yake siwezi kuandika kwa kifupi.

Bennett alizaliwa Newfoundland, Kanada, mwaka 1971, akalelewa Scotland na mama yake, Margaret Bennett, mwimbaji na mtafiti wa ngano na mila. Alijifunza zumari akiwa mtoto, kisha violini na piano kwenye shule rasmi za muziki za Edinburgh na Glasgow, halafu mwanzoni mwa miaka ya 1990 akazama kwenye klabu za usiku. Kwa hiyo alifika kwenye kompyuta akiwa mwenyeji wa nyumba zote tatu: ya mama, ya konsavatori na ya ma-DJ. Albamu yake Bothy Culture ya 1997 inaonyesha hivyo. Kwenye wimbo Hallaig sauti ya mzee Sorley MacLean, mshairi wa Kigaeli, inasoma shairi lake, na muziki wa kompyuta unajipanga kumzunguka. Mwendo wa kusoma wa mzee ndio unaotawala. Midundo inayotaka watu wacheze imewekwa kwingine, mahali ambapo zumari inaweza kuihimili.

Mwaka 2000 aligundulika kuwa na saratani. Nguvu za kupiga zumari zikapungua, kisha zikamwishia. Albamu yake Grit, iliyotolewa na kampuni ya Real World mwaka 2003, imejengwa kwa sehemu kubwa na rekodi za zamani: sauti za Jeannie Robertson, bintiye Lizzie Higgins, Sheila Stewart na wengine kutoka jamii ya wahamaji wa Scotland, watu ambao wanavijiji waliwafukuza kwenye mashamba huku wakizipenda nyimbo zao. Katika wimbo wa kwanza, Move, Sheila Stewart anaimba kuhusu kufukuzwa huko, na chini yake ngoma za kompyuta zinamsukuma kama zile amri za kuondoka. Mtu angetazamia sauti yake imezwe. Haimezwi, kwa sababu Bennett ameacha mistari yake irefuke na kufupika inavyotaka mwimbaji, akaipanga midundo ipokee pumzi zake. Hicho ndicho kipimo changu. Prodyuza mvivu angemkata mwimbaji vipande vinavyolingana ili vikae kwenye gridi ya kompyuta.

Hapa lipo suala la haki ambalo si la kifundi. Rekodi za aina hii zilikusanywa na watafiti, wengi wao wakiwa wa School of Scottish Studies ya Edinburgh iliyoanzishwa mwaka 1951. Waimbaji waliimba jikoni kwao, wala hawakuwa wakirekodi albamu ya dansi. Bennett aliwataja kwa majina na kusimulia walikuwa nani; mama yake alifanya kazi katika chuo hicho, na watu wale walikuwa sehemu ya malezi yake. Linganisha na vifurushi vya sauti vinavyouzwa mitandaoni, ambamo zumari ya mfuko hupatikana kwa vipande vya sekunde nne bila jina la mpigaji, mji wala wimbo. Huko zumari imekuwa kiungo cha kunyunyizia ili filamu au tangazo linukie Scotland.

Bennett alifariki Januari 2005, akiwa na miaka 33. Miaka kumi baadaye, kwenye ufunguzi wa tamasha la Celtic Connections mjini Glasgow, Greg Lawson aliiongoza okestra kubwa kupiga Grit yote kwa ala za mikononi. Yaani muziki uliotoka kwenye mashine ukarudishwa kwa watu, na ukasimama. Nyimbo zisizo na kitu ndani ya mitambo haziwezi kufanyiwa hivyo.

Kuhusu mchanganyiko na Afrika, jina linalotajwa kwanza ni Afro Celt Sound System. Simon Emmerson, aliyekuwa ametayarisha albamu Firin' in Fouta ya Baaba Maal wa Senegal, alisikia ufanano kati ya nyimbo za Kifulani na za Kiairishi, na mwaka 1995 akawakusanya wanamuziki kwenye studio za Real World nchini Uingereza. Volume 1: Sound Magic ikatoka mwaka uliofuata. Zumari iliyotumika ilikuwa ya Ireland, na chaguo hilo lina maana kubwa kuliko wachambuzi wanavyolipa. Zumari ya Kiairishi hupulizwa kwa mivukuto, sauti yake ni ya chumbani, ina oktavu mbili, mpigaji anaweza kuikatisha, na za siku hizi kwa kawaida hutiwa sauti ya D inayokubaliana na kinanda. Inakaa karibu na kora, kinubi cha Afrika Magharibi, bila kuifunika. Ukiiweka zumari ya Kiskoti hapo, N'Faly Kouyaté, mpiga kora wa kundi hilo, angehitaji kora ya chuma.

Albamu za kundi hili zimewapeleka wasikilizaji wengi kwa ala ambazo wasingezisikia. Lakini malalamiko yangu ni ya zamani: mara nyingi Mwafrika na Mwairishi wote wawili ndio waliosogea, na kompyuta ikabaki palepale. Ngoma inayosema ya Massamba Diop hupenda kuchelewa kidogo na kuwahi kidogo, na kwenye baadhi ya nyimbo unaisikia ikiinama ili ipite chini ya mdundo ulionyooka. Ushirikiano wa bendi ya Kibretoni Bagad Men Ha Tan na mpiga ngoma Doudou N'Diaye Rose wa Dakar haukupata umaarufu huo, ila wachezaji walikuwa huru zaidi. Hapakuwa na kinanda cha kubembelezwa. Ngoma za sabar hazidai zumari ibadilishe noti zake, na zumari haidai ngoma ikae ndani ya mapigo manne yaliyopimwa. Sababu hiyo hiyo ndiyo inayofanya zumari na ngoma za dhol za Kipunjabi zipatane upesi, na muziki wa raga wa Kihindi pia, maana nao umejengwa juu ya mvumo usiobadilika na hauna haja ya kodi za piano. Mpiga zumari Ross Ainslie na wenzake wa kundi la India Alba walilionyesha hilo kwa tabla na violini ya Kihindi.

Sisi wa pwani tungepaswa kutazama Ghuba zaidi kuliko Glasgow. Oman ina vikosi vya zumari za Kiskoti vya kifalme, hata vya wapanda ngamia, vilivyostawi chini ya Sultan Qaboos, ambaye alipita chuo cha kijeshi cha Sandhurst na kuhudumu katika kikosi cha Kiskoti. Hilo ni gwaride. Lakini Ghuba ina zumari zake za mfuko zilizo za watu wa kawaida: habban upande wa Waarabu, na ney-anban upande wa Iran, yenye mabomba mawili ya vidole yaliyofungwa pamoja na isiyo na bomba la mvumo. Bushehr na Hormozgan, ambako ney-anban hupigwa, ni makazi ya vizazi vya watu waliotolewa Afrika Mashariki kwa utumwa, na tambiko la zar bado lina ngoma zake huko. Saeid Shanbehzadeh wa Bushehr ameipeleka ney-anban kwenye jazi ya Ufaransa akiutaja waziwazi urithi huo wa Kiafrika. Wakati huohuo, muziki wa harusini wa huko, uitwao bandari, uliikabidhi sauti ya ney-anban kwa kinanda cha umeme bila kuitisha kongamano. Watu walitaka kucheza, na kinanda hakichoki alfajiri.

Kizazi cha sasa cha Scotland kimerithi matokeo ya majaribio haya bila magomvi yake. Niteworks, vijana wa kisiwa cha Skye, waliijenga albamu yao NW ya 2015 juu ya sintesaiza, nyimbo za Kigaeli na zumari ya Allan MacDonald, na kwao besi imewekwa mahali mvumo ungekaa, kwa hiyo zumari haielei hewani kama mgeni. Wapigaji wengi wa jukwaani huziba mabomba yao ya mvumo na kuiachia kompyuta kazi hiyo; ni rahisi kwa fundi wa sauti, lakini ule mtetemo wa mabomba matatu yanayotofautiana kwa unywele mmoja hupotea, na hakuna programu niliyoisikia ikiurudisha sawasawa.

Anayenivutia kuliko wote leo ni Brìghde Chaimbeul, naye wa Skye, ambaye ameiacha zumari kubwa ya gwaride na kuchukua ile ndogo ya mivukuto yenye sauti ya upole. Albamu yake The Reeling ya 2019 ilichota pia kwenye nyimbo za Bulgaria, nchi yenye zumari zake za mfuko ziitwazo gaida. Kwenye Carry Them With Us ya 2023 amekaa na Colin Stetson, mpiga saksafoni anayezungusha pumzi kwa mashavu hadi ala yake ivume bila kikomo. Hakuna mashine ya midundo, ila mpenzi wa muziki wa kompyuta anaitambua mara moja: mvumo mrefu, vipande vinavyorudiwa, mabadiliko yanayoingia polepole kama mtu asiyetaka kuamsha nyumba. Mwaka huohuo mwimbaji Caroline Polachek alimwalika kwenye Blood and Butter, wimbo wa pop wenye mitambo tele, na zumari ikapewa nafasi ya katikati ya wimbo ijisemee yenyewe, ikiwa na mapambo yake yote ya vidole. Wala haikulazimika kupaza sauti.